Muhogo Chini ya Mkarafuu: Watu wa Bara na Kazi Zilizofungwa katika Kisiwa cha Unguja

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii yajulikana pwani yote ya Afrika ya Mashariki, na katika kisiwa cha Unguja imekuwa sehemu ya historia yenyewe. Kwa muda wa zaidi ya karne moja watu wa bara wamevuka bahari kwenda kisiwani, na kila kizazi kimekabidhiwa jembe lake. Wa kwanza walipewa jembe la kupalilia mikarafuu. Waliofuata walipewa magunia ya kubeba bandarini, wengine bunduki ya polisi, na katika siku za karibuni sinia la kuhudumia wageni hotelini. Methali yafundisha namna ya kumpa mgeni kazi, lakini iko kimya juu ya siku ambayo jembe lile linachukuliwa mkononi mwake. Sura hii yaeleza habari za siku hizo: jinsi kazi zilivyofunguliwa na kufungwa Unguja, na yaliyowapata watu waliozifuata.

Habari hizi zina nafasi yake katika kitabu cha kumbukumbu ya miaka mia moja ya usharika wa Kilutheri. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa malezi ya Kilutheri aliyetumwa na chama cha misioni cha Kiingereza cha CMS, alifika Unguja Januari 1844 na kupokewa na Seyyid Said, lakini kituo chake cha kazi kikawa Mombasa. Wamisionari wa Kijerumani walioanza kazi Dar es Salaam mwaka 1887 nao walielekeza nyuso zao bara. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba uliohusu Heligoland na Zanzibar. Unguja na Pemba zikawa chini ya ulinzi wa Waingereza, na misioni za Kijerumani zikabaki upande wa pili wa bahari. Visiwani walikuwapo Wakatoliki tangu 1860 na Waanglikana wa UMCA tangu 1864.

Kwa sababu hiyo Ulutheri haukuota Unguja kwa njia ya vituo vikubwa vya misioni, kama ilivyokuwa Uzaramo, Usambara au Uchaga. Kwa sehemu kubwa ulivuka bahari pamoja na watu: karani, askari, mwalimu, fundi na kibarua, wengine wakiwa na barua ya utambulisho kutoka usharika wa nyumbani. Kanisa lililofika kwa njia ya kazi haliwezi kuitazama kazi inapofungwa kana kwamba ni habari za watu wengine.

Jembe la kwanza

Mikarafuu iliingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na wakati wa utawala wa Seyyid Said ikaenea katika mashamba makubwa ya magharibi ya kisiwa. Mashamba hayo yalilimwa kwa nguvu za watumwa waliotolewa bara. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikali kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba, ambayo iliponea kwa kiasi kikubwa, ikawa ndiyo inayoongoza kwa mavuno. Mwaka uliofuata soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo wa 1873 jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana likawekwa mahali pale pale. Hatimaye, tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri iliyoondoa hadhi ya utumwa kisheria.

Wenye mashamba wakajikuta wana miti lakini mikono haitoshi. Baadhi ya walioachwa huru walibaki mashambani kwa mapatano mapya, na wengine wakahamia mjini. Serikali na wenye mashamba wakatazama bara. Huko nako mambo yalikuwa yamebadilika. Kuanzia mwaka 1898 utawala wa Kijerumani ulitoza kodi ya kibanda, na mwanamume aliyekuwa akiishi kwa mtama na ng'ombe wake akalazimika kutafuta fedha taslimu. Wanyamwezi, ambao kwa vizazi vingi walikuwa wapagazi mashuhuri wa njia ya Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, waliona kazi hiyo ikififia mbele ya macho yao. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mzigo uliohitaji mabega ya mamia ya watu ukawa unabebwa na behewa moja.

Jambo hili halina budi kukumbukwa. Miongoni mwa watu wa bara waliokwenda kupalilia mikarafuu ya Unguja walikuwamo waliokwisha kufungiwa kazi mara moja. Walikimbia kazi iliyokufa kwao, wakaifuata iliyokuwa hai ng'ambo ya bahari.

Kisiwani, kazi ziligawanyika kwa desturi. Kuchuma karafuu kulivuta watu wa vijiji vya Unguja na wa mjini, waliolipwa kwa pishi walizochuma. Kupalilia, ambako ni kazi nzito yenye sifa ndogo, kuliachiwa zaidi watu wa bara. Wanyamwezi, Wasukuma na wenzao wa makabila mengi mara nyingi waliitwa kwa jina moja tu, Wanyamwezi, kana kwamba bara yote ilikuwa kijiji kimoja. Walifika, walilima, walihesabu fedha zao, na wengi wakarudi makwao. Wengine walibaki.

Muhogo na mnazi

Waliobaki mashambani waliingia katika utaratibu uliowahusu pia watumwa waliokuwa wameachwa huru. Waliitwa maskwota. Mwenye shamba alimruhusu skwota ajenge kibanda na kupanda mazao ya msimu katikati ya mikarafuu na minazi: muhogo, viazi vitamu, kunde na mahindi. Naye kwa upande wake aliiweka ardhi safi chini ya miti, na wakati wa mavuno alitarajiwa kuchuma. Kodi ya fedha mara nyingi haikudaiwa. Katika miaka ya amani mapatano haya yaliwafaa wote wawili, na ujirani wa mwenye shamba na skwota uliweza kudumu miaka mingi.

Lakini utaratibu huo ulikuwa na mpaka mmoja ulioeleweka na kila mtu. Skwota alipanda muhogo. Hakuruhusiwa kupanda mnazi wala mkarafuu. Mti wa kudumu ulikuwa dalili ya umiliki. Mtu aliyepanda mnazi aliweza kudai mnazi, na aliyedai mnazi aliweza kudai ardhi chini yake. Kwa hiyo mtu aliweza kuishi miaka 30 mahali pamoja, akazaa watoto pale na kuwazika wazazi wake pale, na bado kila alichokuwa nacho juu ya ardhi kikawa ni kitu cha kung'olewa katika msimu mmoja.

Katika mpaka huo kuna ufunguo wa kuelewa yaliyofuata. Kila mara kazi ilipofungwa Unguja, swali lililoamua hatima ya mhamiaji lilikuwa lile lile: je, mtu huyu anacho kitu chochote cha kudumu hapa kisiwani, mbali na kazi yake?

Ng'ambo na bandari

Mji wa Unguja ulikuwa na pande mbili zilizotengwa na hori. Upande wa magharibi ulikuwa Mji Mkongwe wenye nyumba za mawe, maduka ya Wahindi, ofisi za serikali na balozi. Upande wa mashariki ulikuwa Ng'ambo, mji wa nyumba za udongo na makuti ambako ndiko walikokaa wengi wa wafanyakazi: Kikwajuni, Miembeni, Kisiwandui, Mlandege, Mwembetanga. Huko mtu wa bara alikaa jirani na mzaliwa wa kisiwa, mtoto wa aliyekuwa mtumwa, Mngazija na Mshihiri. Wote walikuwa na jambo moja linalofanana: walijenga nyumba juu ya viwanja vya watu wengine na kulipa kodi ya ardhi. Mwaka 1928 wapangaji wa Ng'ambo waligoma kuilipa kodi hiyo. Mgomo huo ulikuwa ishara ya mapema kwamba watu wasio na mti wa kudumu walikuwa wameanza kuliona neno hilo na kulisema.

Bandari ilikuwa shamba la pili la watu wa bara. Makuli walipakia karafuu na mbata, wakapakua mchele, nguo na mafuta. Walikuwa vibarua, siku isiyo na meli haikuwa na posho. Baada ya Vita Kuu ya Pili bei za vyakula zilipanda kuliko ujira katika bandari zote za Afrika ya Mashariki. Mombasa iligoma Januari 1947, na makuli wa Dar es Salaam wakagoma mwaka huo huo. Zamu ya Unguja ilifika Agosti 1948. Mgomo ulioanzishwa na makuli wa bandari uligeuka kuwa mgomo wa mji mzima, na kwa siku kadhaa za mwanzo wa Septemba kazi nyingi zilisimama. Mji ulitambua siku zile kiasi gani ulivyokuwa ukibebwa na mabega ya watu ambao wengi wao walihesabiwa kuwa wageni.

Watu hao hawakungoja serikali iwatunze. Walikuwa na vyama vya ngoma, timu za mpira, na vyama vya kufa na kuzikana vilivyohakikisha kwamba mtu wa Tabora au Songea asilale maiti Unguja bila sanda na bila jeneza. Mwaka 1934 ilianzishwa Jumuiya ya Waafrika, ambayo iliwaunganisha wengi wa asili ya bara. Makanisa nayo yalikuwa na sehemu yake. Mbali na makanisa makuu mawili ya Mji Mkongwe, Wakatoliki walihudumia mashamba kutoka misheni kama za Kitope na Machui. Kwa kibarua Mkristo, Jumapili ndiyo siku aliyoitwa kwa jina lake la ubatizo badala ya jina la kabila.

Milango ilipofungwa kwa hasira

Katika miaka ya 1950 siasa iliingia katika mashamba. Mwaka 1957 vyama viliposhindana kwa mara ya kwanza katika uchaguzi, kura ya skwota na kura ya mwenye shamba mara nyingi zilielekea pande mbili tofauti. Baada ya uchaguzi huo baadhi ya wenye mashamba waliwafukuza maskwota waliokiunga mkono chama cha Afro-Shirazi, nao wafuasi wa chama hicho wakasusia maduka ya wapinzani wao. Mapatano ya muda mrefu ya muhogo chini ya mkarafuu yakaanza kuvunjika. Aliyekuwa amepanda mazao ya msimu peke yake hakuwa na la kuonyesha mbele ya hakimu. Uchaguzi wa Juni 1961 ulifuatwa na ghasia zilizoua watu 68, wengi wao wakiwa Waarabu, tena wengi wa hao wakiwa watu maskini wa mashamba na maduka madogo. Hasira ya mtu aliyepoteza kibanda ilimwangukia jirani ambaye naye hakuwa na kitu.

Mlango mwingine ulifungwa baada ya uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963. Jeshi la polisi la Zanzibar lilikuwa na askari wengi waliotoka Tanganyika, Kenya na Nyasaland. Serikali mpya haikuwaamini, ikaanza kuwaachisha kazi. Askari hao walibaki mjini bila mshahara, wakiwa na ujuzi wa silaha na bila sababu ya kuwa watiifu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yalianza kwa kushambulia vituo vya polisi, na miongoni mwa walioshiriki walikuwamo askari hao walioachishwa. John Okello, aliyejitangaza kuwa kiongozi wa kijeshi wa siku zile, alikuwa mwenyewe mhamiaji kutoka Uganda aliyefika Pemba mwaka 1959 na kufanya kazi ya ujenzi.

Haifai kusema kwamba kuachishwa kazi kwa askari wachache kulileta Mapinduzi. Mizizi yake ilikuwa mirefu, katika utumwa, katika ardhi na katika uchaguzi wa Julai 1963, ambao Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura lakini ikakosa wingi wa viti. Wala haifai kunyamaza juu ya gharama yake. Maelfu ya watu, hasa Waarabu na Wahindi, waliuawa au walikimbia nchi, na wengi wao walikuwa wazaliwa wa Unguja kwa vizazi kadhaa. Lakini historia ina neno la kuwaonya watawala na waajiri wa kila wakati: mtu aliyefungiwa kazi akiwa mbali na kwao, bila ardhi na bila njia ya kurudi, hatoweki. Anabaki kuwa jirani, na hali yake inakuwa hali ya mji.

Mnamo Machi 1964 ardhi yote ikafanywa mali ya serikali, na kuanzia mwaka 1965 yakagawiwa mashamba ya eka tatu tatu. Baadhi ya waliokuwa maskwota walipata kwa mara ya kwanza ardhi yenye mikarafuu na minazi juu yake. Kwao mti wa kudumu ulikuja kwa njia ya machafuko. Na waliopoteza miti hiyo nao walikuwa na kilio chao.

Karafuu ilipopoteza bei

Kazi zinaweza pia kufungwa bila ya mtu yeyote kufunga mlango. Baada ya Mapinduzi safari za vibarua wa msimu kutoka bara zilipungua sana, na serikali ikawahamasisha wanafunzi na watumishi kwenda kuchuma karafuu. Mnunuzi mkuu wa zao hilo alikuwa Indonesia, ambayo huchanganya karafuu na tumbaku katika sigara ziitwazo kretek. Katika miaka ya 1970 Indonesia ilipanda mikarafuu yake kwa wingi, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa karibu kujitosheleza. Bei katika soko la dunia ikaanguka. Mkulima wa Unguja na Pemba hakuwa amekosa lolote. Uamuzi uliokata riziki yake ulifanyika upande wa pili wa Bahari ya Hindi.

Katika kipindi kile kile viwanda vya umma vya bara navyo vilikuwa vikiyumba. Viwanda vya nguo, ngozi na korosho vilisimama kimoja baada ya kingine, na hata kile cha TAMCO cha Kibaha, kilichokuwa kikiunganisha malori ya Scania, kikaja kunyamaza. Vijana walioandaliwa kuwa mafundi wa viwandani wakawa hawana kiwanda. Baadhi yao walianza tena kutazama upande wa kisiwa, kama walivyofanya wapagazi wa mwanzo wa karne.

Wageni wengine wa Mji Mkongwe

Isidhaniwe kwamba mambo haya yaliwapata watu wa bara peke yao. Tangu karne ya 19 Mji Mkongwe ulikuwa na jumuiya ya Wagoa, Wakatoliki kutoka pwani ya India iliyotawaliwa na Wareno. Walikuwa makarani wa serikali na forodha, washonaji, waokaji, wanamuziki na wapiga picha. Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa katika miaka ya 1890 na ambalo minara yake miwili huonekana kutoka baharini, lilikuwa nyumba yao ya ibada. Riziki ya wengi wao ilitegemea ofisi. Baada ya 1964 nafasi hizo ziliondoka mikononi mwao, na jumuiya iliyokuwa imekaa karibu miaka mia ikatawanyika bara, Uingereza na Kanada. Mgoa alikuwa na elimu, kinanda sebuleni na kaburi la babu yake kisiwani, lakini kazi ilipofungwa ilidhihirika kwamba naye alikuwa amepanda muhogo.

Mambo ya namna hii hutokea pia katika nchi tajiri. Katika mji wa Swindon, Uingereza, ambako Wagoa wengi wamehamia tangu mwanzo wa karne hii, kiwanda cha magari cha Honda kilichokuwa na wafanyakazi wapatao 3,500 kilifungwa tarehe 30 Julai 2021. Tofauti ni kwamba huko uamuzi ulitangazwa tangu Februari 2019, yapata miaka miwili na nusu kabla, na palikuwa na muda wa majadiliano juu ya malipo ya kuachishwa. Kufungwa kwa kazi kunauma popote. Lakini muda na haki hupunguza makali ya pigo.

Sinia la hotelini

Bei ya karafuu ilipoanguka, Zanzibar ilitafuta njia nyingine ya kuishi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 biashara ililegezwa na wawekezaji wakakaribishwa. Watalii, ambao mwaka 1985 walikuwa wapatao elfu 20 tu, waliongezeka hadi 538,264 mwaka 2019. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na nyumba nyingi za matajiri wa zamani zikageuka kuwa hoteli. Katika pwani za Nungwi, Kendwa, Kiwengwa, Bwejuu, Paje na Jambiani, mahali palipokuwa na madau ya wavuvi na minazi, pakaota mapaa ya makuti ya hoteli.

Watu wa bara wakavuka tena: wapishi, wahudumu, wasafisha vyumba, waashi, madereva, walinzi, na vijana wa Kimasai waliouza shanga ufukweni. Wengine walitoka Kenya, wakiwa na vyeti vya shule za hoteli. Wenyeji wa vijiji vya pwani walilalamika kwamba ardhi ya bahari imekuwa yao kwa jina, lakini nafasi za kazi zimekwenda kwa wageni. Malalamiko hayo yalikuwa na haki ndani yake na hayapaswi kubezwa na mtu wa bara. Kijana wa Nungwi asiye na kazi na kijana wa Dodoma aliye katika kazi ya mkataba wa miezi sita wote wawili hawakuwa na sauti mbele ya mwenye hoteli.

Kazi ya hotelini ilirudisha kwa sura mpya utaratibu wa skwota. Mfanyakazi wengi wao alilala katika mabweni ya mwajiri au chumba cha kupanga, akala chakula cha mwajiri, akatuma mshahara nyumbani kwa simu. Kila masika, mwezi wa Aprili na Mei, hoteli nyingi hupunguza watu au hufunga kabisa, na mfanyakazi huambiwa angoje kuitwa. Alichokuwa nacho kisiwani kilienea katika begi moja.

Tarehe 21 Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Zanzibar ilisimamisha ndege za kimataifa zilizoleta watalii. Ndani ya wiki chache pwani zote zilinyamaza. Aprili na Mei karibu hapakuwa na mtalii aliyeingia, na visiwa vilipofunguliwa tena tarehe 6 Juni wageni walirudi kwa uchache. Mwaka ule ulimalizika kwa watalii 260,644, chini ya nusu ya mwaka uliotangulia. Hoteli zilitoa likizo bila malipo, zilipunguza mishahara, au zilimaliza mikataba. Kwenye gati ya Malindi vijana walipanda boti za Dar es Salaam na mabegi yao. Wengine hawakuwa na nauli, au waliona aibu kurudi nyumbani mikono mitupu, wakabaki. Waliobaki walitafuta riziki katika uvuvi, kazi za ujenzi na bodaboda. Waliojaliwa kuazimwa kipande cha ardhi walipanda muhogo na mchicha.

Msomaji aliyefuatilia historia hii tangu mwanzo hawezi kukosa kuliona jambo hilo. Baada ya zaidi ya miaka mia moja, mtu wa bara aliyefungiwa kazi Unguja alikuwa akichimba mashimo ya muhogo katika ardhi isiyo yake.

Watalii walirudi, mwaka 2023 walifika 638,498, wengi kuliko kabla ya ugonjwa. Hoteli zimeajiri tena, na wengi wa waliopanda boti wamevuka tena. Furaha hiyo ni halali. Hata hivyo hesabu ya watalii haionyeshi nani alirudi na nani hakurudi, wala deni la kodi ya chumba lililobaki, wala ada ya shule iliyokosekana huko Singida au Iringa.

Neno kwa usharika wa miaka mia

Usharika unaotimiza miaka mia ni mti wa kudumu. Umepandwa na watu ambao wengi wao walikuja kwa kazi za muda, nao ukaendelea kusimama baada ya kazi hizo kwisha. Ndilo jambo ambalo skwota wa mikarafuu, kuli wa bandari na mhudumu wa hoteli walilikosa katika ardhi, na ambalo wangeweza kulipata katika ushirika.

Nabii Yeremia aliwaandikia watu waliohamishwa kwenda Babeli kwamba wajenge nyumba, wapande bustani, na kuutakia amani mji walimokaa. Waraka ule uliandikiwa wageni, nao unawahusu watu wa bara walioko Unguja: waupende mji ule, waheshimu jirani wa dini nyingine na desturi za kisiwa, na wasiione Unguja kama mahali pa kuchuma na kuondoka. Lakini unawahusu vilevile waajiri na wenyeji, kwa maana mtu hawezi kupanda bustani mahali asipoachwa kukaa hata msimu mmoja.

Kwa usharika wenyewe kipimo kiko karibu. Mshirika anapofungiwa kazi, bahasha yake ya sadaka hurudi tupu, na baada ya muda hairudi kabisa. Jina lake laweza kufutwa kimya kimya kutoka katika orodha ya jumuiya, au laweza kuandikwa mahali pengine: katika orodha ya wanaotembelewa, wanaokopeshwa nauli, wanaotafutiwa kazi, na ambao wakifa watazikwa kwa heshima. Wazee wa vyama vya kufa na kuzikana wa Ng'ambo, Waislamu kwa Wakristo, walilijua jambo hilo bila ya kuwa na ofisi wala mhasibu. Walichangia senti zao siku za kazi ili pasiwe na mtu wa kutupwa siku kazi ilipokwisha.

Wahenga walisema mgeni apewe jembe siku ya tatu. Usharika ulioishi siku elfu thelathini na sita na zaidi una nafasi ya kuongeza neno moja juu ya hekima hiyo: jembe likichukuliwa, mgeni abaki na mahali pa kukaa.